Mlango wa Agathe Ukingoni mwa Mto

Katika soko kuu la Bunia, upande wa wauza samaki, sauti ya Agathe Afoyorwoth husikika kabla hujamwona mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mzito kidogo, mwenye mvi anazozificha chini ya kitambaa, na hakuna anayepita mbele ya meza yake bila kuitwa, kusalimiwa na kutaniwa. Samaki wake wa moshi hutoka Tchomia, huko ziwani alikoolewa na kuzaa. Akikuambia huyu alikaushwa juzi, ujue ni juzi. Akikuambia, "Mutoto yangu, huyu usichukue," mwache huyo, chukua atakayekuonyesha, na umshukuru.

Basi mwanamke huyu asiyeogopa mvua wala polisi wala madalali, kuna mtu mmoja tu anayemfanya anyamaze. Mtu huyo akitokea kwenye kona ya soko, Agathe huvuta kitambaa mpaka kwenye pua, hugeukia ukuta, na biashara husimama mpaka apite. Wageni hudhani ni adui yake. Maskini wageni! Ni mkwe wake.

Étienne Katsuva, mume wa binti yake Claudine, ni fundi wa mbao, Mnande wa Butembo, mtu wa maneno machache. Alifiwa na mama yake angali anatambaa. Kwa watu wa Agathe, Waalur wa upande wa Mahagi walioteremkia ziwani, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya dari moja. Si chuki hiyo, ni heshima, na heshima si utumwa. Wengi siku hizi wameilegeza. Agathe hakuilegeza hata uzi mmoja, na Étienne, ambaye kwao mambo haya hayana uzito huo, aliishika kwa ajili yake. Wakiwa na neno la kuambiana humpitishia Claudine, hata kama wote watatu wamekaa uwanja mmoja, huyu akiangalia mashariki na yule magharibi.

"Mi niko radio yenu," Claudine hulalamika. "Siku betri itakwisha, mutafanya namna gani?"

Mila hiyo ina mwisho wake. Mjukuu wa kwanza akishaachishwa kunyonya, mama mkwe hupika nyumbani kwake, humwita mkwe akae kwenye mlango, humwagia maji ya kunawa, kisha hula naye sahani moja. Katika ukoo wa Agathe wanaita kufungua macho. Baada ya hapo mnatazamana na kuzungumza kama watu. Sharti ni moja, lakini halina mjadala: mlango uwe wa mama mwenyewe. Huwezi kumfungua mkwe macho kwenye mlango aliokupa yeye. Hapo mwenyeji ni yeye, na wewe ni mgeni wake.

Mlango wa Agathe ulikuwa Tchomia, ukiangalia ziwa. Christella, mtoto wa kwanza wa Claudine, alikuwa ameanza kukimbiakimbia, na siku ya kufungua macho ilikuwa imechaguliwa. Vita ikaitangulia siku hiyo. Nyumba iliungua pamoja na mlango wake. Agathe alivunjika mguu katika mbio, na aliyembeba mgongoni, akapanda naye ule mlima wote kutoka ziwani kuelekea Bunia, alikuwa Étienne. Walimfunika Agathe kitenge kutoka utosini mpaka miguuni ili mila isivunjike. Mguu uvunjike, sawa, lakini si mila.

Kisha Étienne akafanya wema mwingine, na wema huo ndio ulioharibu kila kitu. Agathe angali amelala katika ukumbi wa parokia pamoja na wakimbizi wengine, mkwe wake alikuwa amekwisha kumjengea nyumba mtaa wa Rwambuzi, vyumba viwili na jiko, na mlango wa libuyu, ile mbao ngumu ya thamani, ambao mtaa mzima ulikuja kuushika. Nani angeikataa nyumba kama hiyo? Na angehamaje akapange kwingine, Bunia nzima iseme Étienne amemfukuza mama mkwe? Agathe aliingia, akashukuru Mungu, na akajua kwamba sasa mlango wake wa kweli umekwenda kabisa.

Ndiyo maana zaidi ya miaka ishirini alikuwa na asante moja imemkaa kifuani. Angeweza kuituma kwa redio, kwa Claudine. Mara nyingi alijaribu, ikamrudia mdomoni. Mtu aliyekubeba mgongoni hushukuriwa usoni. Jambo hili lilimuuma, na kadiri magoti yalivyozidi kulegea ndivyo alivyoogopa kwamba atazikwa nalo.

Mwaka huu Christella alimaliza masomo ya udaktari Kisangani. Étienne akasema kwa redio kwamba familia nzima itapanda ndege kwenda kwenye sherehe yake, mama mkwe mbele na yeye nyuma, na watalala katika hoteli kando ya mto.

"Ndege iko na dari moja," Agathe alisema.

Redio ikaenda, ikarudi. "Étienne anasema ndege haiko na dari. Iko na mugongo."

Agathe alicheka mpaka akapaliwa. Alikubali, akafunga samaki wake wawili wakubwa wa moshi katika kitambaa, kisha mfuko, kisha mfuko mwingine, na bado abiria waliokaa karibu naye walijua kabla ya kuruka kwamba Tchomia imepanda ndege. Ndege ilipoinuka alifumba macho akasali. Alipofumbua, msitu ulikuwa chini yake, wa kijani, bila mwisho, bila barabara, bila hata moshi wa jiko moja. Alitafuta mahali unapoishia mpaka shingo ikauma. Mungu alikuwa na kazi nyingi, alijisemea, na sisi tulidhani alituumba sisi tu.

Christella aliwapokea kwa vilio na vicheko, akawapeleka hotelini. Hapo ndipo Agathe aliposhuka kwenye gari, akapita mlango mkubwa bila hata kuutazama, akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni, akasimama.

Alidhani anayajua maji. Amekulia kwenye maji, ameyaogopa, ameyala, amezika watu kwa sababu ya maji. Lakini ziwa lake hukaa. Ukilala, ukiamka, liko palepale, na siku njema unaiona milima ya Uganda ng'ambo. Haya ya hapa yalikuwa yanakwenda. Mto mpana kuliko mji wa Bunia ulikuwa unatembea wote kwa pamoja, umebeba visiwa vya majani na mitumbwi na magogo mazima, kimya, bila kuharakisha, na nyuma yake maji mengine yalikuwa yanakuja, na nyuma ya hayo mengine.

"Inatoka wapi yote?" aliuliza.

"Katanga huko, Koko," Christella alimjibu bibi yake. "Inazunguka inchi muzima."

"Na haiishe?"

"Haiishe."

Agathe alipiga ishara ya msalaba. Alisimama hapo muda mrefu, na walipomwita mara ya tatu ndipo alipogeuka, akaitazama hoteli yenyewe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyumba ndefu ya ghorofa, nyeupe, yenye baraza pana upande wa mto.

"Chambre ya Étienne iko wapi?" alimwuliza Claudine.

"Juu."

"Na yangu?"

"Chini, Mama. Mbali kabisa."

"Na dari?"

Claudine alitazama viatu vyake. Dari ilikuwa moja. Agathe aliweka mfuko wake wa samaki chini, akaukalia, pale nje, mbele ya wageni waliovaa suti.

Walimbembeleza. Christella alimbembeleza kidaktari, akieleza kwamba kati ya vyumba hivyo kuna zege nene kama kifua cha ng'ombe. Msichana wa mapokezi, jina lake Falone, mrembo, mwenye kucha ndefu na subira ndefu zaidi, akatoka naye akajaribu.

"Mama, usiogope. Hata bamaaskofu banalala humu."

"Bamaaskofu habana bakwe," Agathe alimjibu.

Falone akaziba mdomo asicheke. Étienne alikuwa amesimama mbali, amegeukia lango, na kwa Claudine alituma neno kwamba yeye atakwenda kulala kwingine, Mama abaki. Agathe alikataa, haikuwa heshima kumfukuza mwenye safari. Na mabishano yangeendelea mpaka leo kama Falone hangeingia ndani kuzungumza na tajiri wake, kisha akatoka na ufunguo mmoja umefungwa kwenye kipande cha mti.

Kando ya baraza, hatua chache kutoka kwenye maji, kulikuwa na kijumba cha matofali chenye bati lake peke yake. Zamani alikaa mzee aliyeendesha mtumbwi wa hoteli. Sasa waliweka viti vibovu. Waliviondoa, wakafagia, wakaleta kitanda na chandarua. Agathe alikagua bati, akakagua kuta, akaona hazigusani na hoteli popote. Akaingia na samaki wake.

Alilala kama mtoto. Alfajiri aliamka, akavuta mlango, na mto ukawa pale mbele yake, mwekundu kwa jua, ukipita kwenye kizingiti chake. Agathe alishika mwimo wa mlango. Tangu Tchomia hakuwahi kufungua mlango akakuta maji. Harufu ilikuwa ileile ya matope na samaki, ukungu ulikuwa uleule. Alijiona ni mke kijana tena anayesubiri mitumbwi irudi, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Ndipo wazo likamwingia, na lilipomwingia akakaa papo hapo kwenye kizingiti.

Falone alipomletea chai alimkuta bado hapo.

"Mutoto yangu, niambie ukweli. Hii nyumba, mukwe yangu aliilipa?"

"Hapana, Mama. Hii haina bei. Patron alisema, kama kuko mama anakataa kuingia kwetu, tumupe kwake. Ni yako mpaka siku utarudi Bunia."

"Rudilia."

"Ni yako, Mama."

Agathe aliushika mkono wa yule msichana akaubusu. Falone hakuelewa, lakini aliinama kwa heshima kama anayepewa baraka, na kweli alikuwa amepewa.

Usidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Claudine alipoambiwa kwamba macho yatafunguliwa kwenye mlango huu, aliogopa kuliko mama yake. Wazee wa ukoo hawapo, alisema. Mbuzi hayupo. Ardhi si yetu, mto si wetu. Na ikiharibika? Kwao inasemwa kwamba mama mkwe akifungua macho vibaya mwili wake hutetemeka mpaka kufa. Mwacha mila ni mtumwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, Mama.

"Siiache," Agathe alisema. "Ninaimaliza. Wazee bako wapi? Miye ndiye muzee sasa."

Lakini mikono yake, akifunga kilemba cha kwenda kwenye sherehe, ilikuwa tayari inatetemeka.

Ukumbi wa chuo kikuu ulijaa. Agathe alikaa mbele na wanawake, Étienne nyuma na wanaume. Vijana wakaingia wamevaa toge, majoho meusi ya wahitimu, na mmoja wao alikuwa Christella, yule aliyeingia Bunia amefungwa kwenye mgongo wa mama yake, bila viatu. Waliinua mikono wakaapa kwa Kifaransa kwamba watalinda uhai wa watu. Agathe hakuelewa nusu ya maneno, na nywele zilimsimama. Walipoita, "Docteur Christella Katsuva," alipiga vigelegele peke yake katika ukumbi ule wa maprofesa, sauti ya sokoni, ndefu, mpaka mwenye kipaza sauti akasubiri amalize. Huko nyuma mtu mmoja akalia kwa sauti. Agathe alimjua bila kugeuka.

Njiani kurudi hotelini Christella alimshika bibi yake mkono. Kesho yake alikuwa anapanda boti kwenda kuanza kazi hospitali moja chini ya mto, mbali, na hakujua ni lini watakuwa pamoja tena.

"Koko, sitaki zawadi. Nilitaka tu kukuona weye na Papa mukikula pamoja. Najua haiwezekane."

"Nani alikuambia?" Agathe alisema. "Uniletee makala."

Mpishi wa hoteli alileta mkaa, mbabula wa kuuwashia, sufuria na unga. Agathe aliwasha moto mbele ya kijumba chake, akawachambua samaki wa Tchomia, akawachemsha na nyanya na kitunguu, akasonga bugali. Wageni wa barazani waliokuwa wanakula vyakula vyenye majina marefu walianza kunusa na kugeuza shingo. Jua lilikuwa bado juu ya mto. Chakula kilipoiva alifagia kizingiti kwa mkono, akaweka kigoda, akasimama ndani ya nyumba yake, akasema:

"Claudine, mwambie aje."

Étienne alikuja amevaa shati jipya lililofungwa mpaka shingoni. Fundi huyu aliyewahi kusimama juu ya paa la kanisa bila kushika kitu alikuwa anatembea kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Alifika, akakaa kwenye kigoda mlangoni, uso chini. Claudine na Christella wakakaa kwenye nyasi. Mto peke yake ndio uliosikika.

Agathe alichukua birika. Étienne alinyoosha mikono, na maji yakamwagika juu yake. Mikono ilikuwa mikubwa, yenye makovu ya msumeno. Agathe aliitazama, maana sasa ilikuwa ruhusa kutazama. Alimimina mpaka maji yakaisha, akaweka birika chini, akavuta pumzi, akainua macho.

Alikuwa na uso wa Étienne kichwani miaka yote hii. Alimwona mara moja tu, kwa wizi, siku alipokuja Tchomia kuomba mke: kijana mwembamba, mashavu laini, masikio makubwa. Kumbe mtu huyo hakuwapo tena. Aliyekaa mlangoni mwake alikuwa mzee. Mvi zilikuwa zimemjaa, mashavu yamechimbika, macho yamezungukwa na mikunjo, na yalikuwa yanamtazama kwa hofu na kwa unyenyekevu ambao Agathe hakuwahi kuuona kwa mtu mzima. Ni masikio tu yaliyobaki. Agathe alishangaa kuliko alivyoushangaa msitu, kuliko alivyoushangaa mto. Mtu mzima alikuwa amezeeka kando yake, akimlisha, akimjengea, naye hakuona hata unywele mmoja ukigeuka.

"Weye pia umekuwa muzee," alisema polepole.

"Ndiyo," Étienne alijibu, kwa sauti yake mwenyewe, si ya Claudine.

Walikula. Sahani ilikuwa moja, na vidole vyao vilikutana kwenye bugali, na hakuna mwili uliotetemeka. Claudine alikuwa analia bila kujificha. Agathe alitafuta ile asante yake. Alikuwa ameitengeneza miaka mingi, ilikuwa na majina ya babu zake na ya watakatifu wote wa Mahagi. Sasa alifungua mdomo, isitoke. Lililotoka ni lingine.

"Ile siku ya mulima," alisema, "ulikuwa unasema na mimi."

Mkono wa Étienne ulisimama katikati ya sahani. Claudine aliinua kichwa, hilo hakulijua.

"Nilifikiri ulikuwa umezimia," Étienne alisema. "Nilifikiri hausikie. Ndiyo maana nilithubutu."

"Sikuzimia. Chini ya kitenge nilisikia yote. Uliniita Mama. Ulisema, Mama usikufe, miye nilishapoteza mumoja, sitapoteza wa pili. Mulima muzima, Mama, Mama, mpaka sauti yako ikaisha. Na sikuitika." Alifuta macho kwa kiganja chenye mchuzi. "Mila ilinikataza kuitika. Tangu siku ile kila usiku nakusikia unaniita. Niite tena."

Étienne alimtazama. Midomo yake ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, na neno lilipotoka lilikuwa dogo, la mtoto anayetambaa.

"Mama."

"Ee," Agathe akaitika. "Ee, mutoto yangu. Niko."